Profesa Just: Alinyimwa akiwa hai, akaenziwa akiwa kaburini

Wapo watu ambao dunia huwatambua baada ya kuwazika. Mmoja wao ni Ernest Everett Just, Mmarekani mweusi, mwalimu na bingwa wa baiolojia, aliyezaliwa mwaka 1883 mjini Charleston, South Carolina.

Alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, alimlea na kumsomesha, naye akafariki kijana akiwa masomoni huko kaskazini. Yatima huyo hakukata tamaa. Mwaka 1907 alihitimu Chuo cha Dartmouth kwa daraja la juu, akaajiriwa Howard, chuo kikuu cha watu weusi mjini Washington. Alianza kwa kufundisha Kiingereza, kisha akapewa baiolojia.

Tangu mwaka 1909, karibu kila likizo ya kiangazi alikwenda Woods Hole, Massachusetts, kuchunguza mayai ya viumbe wa baharini. Wengi waliuona uso wa yai kama ganda tu la kufunika kilichomo ndani. Just alionesha kuwa uso huo una kazi kubwa: mbegu moja ya kiume inapoingia, badiliko husambaa juu ya yai na kuzizuia nyingine. Mwaka 1915 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa nishani ya Spingarn, na mwaka 1916 akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Chicago.

Je, baada ya hapo vyuo vikubwa vya wazungu vilimgombea? La hasha! Rangi yake ilimfungia milango. Howard alikuwa na mzigo mkubwa wa kufundisha, na fedha za utafiti ilimbidi aombe kwa wafadhili. Ndipo kuanzia mwaka 1929 akahamishia utafiti wake Ulaya: Napoli, Berlin, kisha Ufaransa. Huko aliheshimiwa kama mwanasayansi. Mwaka 1939 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu uso wa seli. Mwaka uliofuata Wajerumani waliivamia Ufaransa, wakamweka kizuizini kwa muda. Alirejea kwao akiwa mgonjwa, akafariki kwa saratani Oktoba 1941.

Leo sifa zinamiminika. Mwaka 1996 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Tangu mwaka 1994 chama cha wanabaiolojia wa seli nchini humo hutoa tuzo yenye jina lake, na Dartmouth ilianzisha programu kwa jina hilo hilo ya kuwasaidia wanafunzi wa sayansi.

Katika hayo yote, lipi lenye manufaa zaidi? Stempu hubandikwa kwenye bahasha, bahasha ikatupwa. Bali mwanafunzi akilipiwa ada na kupewa maabara, anatoka mwalimu, naye atafundisha mamia. Hicho ndicho Just alichokihitaji maisha yake yote.

Basi tunapotaka kumuenzi mwalimu wetu wa sayansi, tusiishie kwenye hotuba na picha ukutani. Tumsomeshe kijana mmoja atakayeshika chaki baada yake. Na kama mwalimu mwenyewe yu hai, tuanze naye.