Ernie O'Malley

Ernie O'Malley (26 Mei 1897 – 25 Machi 1957) alikuwa mpiganaji wa uhuru wa Eire na mwandishi. Anakumbukwa kwa kitabu alichoandika juu ya vita alivyopigana mwenyewe, na zaidi kwa madaftari aliyoyajaza masimulizi ya wapiganaji wenzake wapatao 450.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Castlebar, katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa Eire, akaitwa Ernest Bernard Malley. Alikuwa mtoto wa pili kati ya kumi na mmoja. Mwaka 1906 familia ilihamia Dublin, na mwaka 1915 akaanza kusomea udaktari katika chuo cha University College Dublin. Nyumbani kwao hapakuwa na siasa za uasi. Kaka yake Frank alijiunga na jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Waasi walipoteka majengo ya Dublin wakati wa Pasaka ya mwaka 1916, Ernie hakuwa mwanachama wa kundi lolote. Mwanzoni alikuwa mtazamaji tu, lakini kabla ya wiki kwisha alikuwa akiwafyatulia risasi askari wa Uingereza pamoja na rafiki yake. Viongozi wa uasi waliponyongwa, la, walipopigwa risasi mmoja baada ya mwingine gerezani, moyo wake uligeuka kabisa. Alijiunga na Wanajeshi wa Kujitolea wa Eire, na mwaka 1918 aliacha masomo na kuondoka nyumbani.

Vitani

Kazi yake ilikuwa kuzunguka mikoani, mara nyingi kwa baiskeli, akiwafundisha vijana wa vijijini kutumia silaha, kuchora ramani na kuandaa mashambulizi. Mwaka 1920 alishiriki kuteka kituo cha polisi cha Ballytrain, kisha kambi ya jeshi ya Mallow, alipokuwa pamoja na Liam Lynch.

Desemba mwaka huohuo alikamatwa katika kaunti ya Kilkenny. Alitoa jina la uongo, Bernard Stewart, akapigwa na kuteswa katika ngome ya Dublin bila kulikana jina hilo. Februari 1921 alitoroka gereza la Kilmainham na wenzake wawili, kwa msaada wa askari wa Uingereza waliokuwa upande wao. Muda mfupi baadaye alipewa kuongoza Divisheni ya Pili ya Kusini ya IRA, yaani Jeshi la Jamhuri ya Eire, akiwa hata miaka 24 hajatimiza. Juni 1921 maofisa watatu wa Uingereza waliotekwa walipigwa risasi kwa amri yake, kulipiza kisasi cha wafungwa wa IRA waliouawa. Baadaye aliliandika tukio hilo bila kujipamba wala kujitetea sana.

Mkataba wa Desemba 1921 uliipa Eire serikali yake, lakini uliwataka wabunge waape uaminifu kwa mfalme wa Uingereza. O'Malley aliukataa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Juni 1922 alipigana dhidi ya watu aliokuwa nao bega kwa bega mwaka mmoja kabla. Mdogo wake Charlie aliuawa Dublin mwezi Julai. Ernie mwenyewe alikamatwa Novemba akiwa na majeraha mengi ya risasi, na baadhi ya risasi hizo zilibaki mwilini mwake hadi kufa. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa mbunge akiwa mfungwa, akashiriki mgomo wa kula uliodumu siku 41. Aliachiwa Julai 1924, miongoni mwa wafungwa wa mwisho.

Uandishi

Alijaribu kurudia udaktari, hakumaliza. Mwaka 1928 alikwenda Marekani kuchangisha fedha za kuanzisha gazeti la Irish Press, akabaki huko na Mexico kwa miaka kadhaa, mara nyingi bila fedha, akiandika. Mwaka 1935 alimwoa mchongaji wa sanamu Mmarekani, Helen Hooker, wakapata watoto watatu. Ndoa hiyo ilivunjika baadaye.

Kitabu chake On Another Man's Wound kilitoka London mwaka 1936, bila kurasa zinazoeleza mateso ya ngome ya Dublin. Jina lake linatokana na methali ya Eire isemayo kwamba ni rahisi kulala juu ya jeraha la mwingine. Mswahili angesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Madaftari

Mwaka 1947 serikali ya Eire ilianzisha ofisi ya kukusanya ushahidi wa washiriki wa mapambano. Ofisi hiyo ilipata maelezo 1,773, lakini ilikomea Julai 1921, vita na Uingereza viliposimama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikuguswa, na wengi wa walioshindwa hawakutaka kusema na watu wa serikali.

O'Malley, ingawa alikuwa mgonjwa wa moyo, alizunguka nchi kwa gari lake akiwatembelea wazee hao majumbani. Kwake walisema, kwa kuwa alikuwa mwenzao. Aliandika haraka wakizungumza, kisha akanakili upya. Hakuwauliza ushindi tu: aliuliza habari za woga, njaa, usaliti na mauaji ya wafungwa. Mwandiko wake ni mgumu mno kusomeka, na kwa miaka mingi ni watafiti wachache walioweza kuutumia.

Alifariki Howth, karibu na Dublin. Serikali iliyotokana na dola aliyoipinga kwa silaha ilimfanyia mazishi ya kitaifa, akazikwa makaburi ya Glasnevin. Kitabu chake juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, The Singing Flame, kilichapishwa mwaka 1978. Madaftari yamehifadhiwa katika chuo cha University College Dublin alikosomea, na tangu mwaka 2012 mwanawe Cormac na wanahistoria kadhaa wameyachapisha kaunti kwa kaunti, wakianza na Kerry.