Charles Swynnerton

Charles Francis Massy Swynnerton (3 Desemba 1877 – 8 Juni 1938) alikuwa mwanabiolojia Mwingereza aliyejulikana hasa kwa utafiti wake juu ya mbung'o (huitwa pia ndorobo) huko Shinyanga, leo nchini Tanzania. Alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, halafu mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o. Spishi moja ya mbung'o, Glossina swynnertoni, ilipewa jina lake mwaka 1923.

Maisha ya awali

Swynnerton alizaliwa Lowestoft, Uingereza. Sehemu ya utoto wake aliishi Uhindi, ambako baba yake alikuwa kasisi. Akiwa kijana alihamia Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) na kusimamia shamba la Gungunyana karibu na msitu wa Chirinda. Huko alikusanya mimea, wadudu na ndege. Ndege mmoja mdogo wa msituni aliyempata Chirinda anaitwa Swynnertonia swynnertoni. Anaishi pia katika misitu ya milima ya Udzungwa na Usambara.

Kwa miaka mingi alifanya majaribio ya kuwapa ndege vipepeo wa aina mbalimbali ili kujua ni wapi wanaoliwa na ni wapi wanaokataliwa. Kazi hiyo ilimzoeza kurudia jaribio lilelile mara nyingi na kuandika kila tokeo.

Mwishoni mwa miaka ya 1910 alichunguza mbung'o katika eneo la Mossurise, Msumbiji. Alikuta kwamba katika karne ya 19 mfalme Mzila wa Gaza alikuwa amewakusanya watu wake waishi karibu karibu. Mashamba na vijiji vyao viliondoa vichaka, na mbung'o walitoweka. Watu walipotawanyika baadaye, pori lilirudi na mbung'o pamoja nalo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1921.

Shinyanga

Mwaka 1919 Swynnerton aliteuliwa kuongoza idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Usukuma ulikuwa nchi ya wafugaji, lakini tangu sotoka ya miaka ya 1890, na baadaye vita na njaa, pori lilikuwa limeenea juu ya malisho na mashamba yaliyoachwa. Mbung'o waliofuata pori hilo walileta nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe. Mwaka 1922 malale ilizuka Maswa. Aina ya malale ya Afrika Mashariki inaweza kumuua mtu asiyetibiwa katika muda wa miezi tu.

Swynnerton aliona kwamba somo la Mossurise lingeweza kutumika hapa. Katika miaka ya 1920 alishirikiana na watemi wa Shinyanga. Kwa amri zao maelfu ya Wasukuma walitoka kwa pamoja wakati wa kiangazi kufyeka vichaka. Maeneo yaliyosafishwa yaligawiwa kwa kilimo na malisho, kwa sababu ardhi isiyokaliwa na watu ingerudi kuwa pori. Alieleza jaribio hilo katika makala ya mwaka 1925.

Mwaka 1929 aliwekwa kuwa mkurugenzi wa idara mpya ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga. Pori la utafiti liligawanywa katika sehemu mbalimbali. Katika sehemu nyingine nyasi zilizuiwa zisiungue hadi mwisho wa kiangazi, ili moto uwe mkali na kuua vichaka. Kwingine moto ulizuiwa kabisa, ili vichaka visongamane hadi mbung'o wanaopenda pori la wazi wakose mahali pa kuwindia.

Njia ya utafiti

Hadubini iliweza kuonyesha kama mbung'o mmoja amebeba tripanosoma, yaani vimelea vya nagana na malale: mdudu alipasuliwa, kisha mrija wake wa kunyonyea, utumbo na tezi za mate zikachunguzwa. Lakini mdudu aliyepasuliwa hawezi kuonyesha jinsi mbung'o wanavyoongezeka au kupungua porini. Kwa hiyo wakamataji Waafrika wenye nyavu walipita njia zilezile kwa vipindi vilivyopangwa, wakihesabu mbung'o waliokamatwa katika kila kipande cha njia. Hesabu za miezi na miaka ziliwekwa pamoja, zikaonyesha mwendo wa mbung'o kufuata mvua, kiangazi na moto.

Hesabu hizo zilikuwa na mitego yake. Idadi iliposhuka, haikumaanisha lazima kwamba mbung'o wamekufa. Mbung'o aliyeshiba hutulia kichakani na hamfuati mtu. Joto au baridi humzuia kuruka. Tena, wengi wa waliowafuata wakamataji walikuwa madume. C. H. N. Jackson, mmoja wa wasaidizi wa Swynnerton, aliwapanga mbung'o kwa kiwango cha njaa. Aliwatia pia alama za rangi, akawaachia, kisha akahesabu ni wangapi walikamatwa tena. Kwa njia hiyo aliweza kukadiria idadi yao halisi na muda wanaoishi. Leo njia ya kutia alama na kukamata tena hutumiwa kwa wanyama wa aina nyingi.

Utafiti wa maisha ya mbung'o ulieleza pia kwa nini anaweza kushindwa. Jike hatagi mayai, bali huzaa lava mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Hivyo vifo vikiongezeka kidogo lakini kwa kudumu, kizazi kizima kinaweza kwisha.

Swynnerton alikusanya matokeo hayo katika kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika ya Mashariki, kilichochapishwa mwaka 1936.

Kifo

Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege huko Tanganyika tarehe 8 Juni 1938, pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara yake. Mwanawe Roger Swynnerton aliandika mpango wa kilimo wa Kenya wa mwaka 1954 unaojulikana kwa jina lake.

Baada yake

Utafiti uliendelea Shinyanga. Katika miaka ya 1940 F. L. Vanderplank alijaribu huko kuwapunguza mbung'o kwa kuwachanganya na spishi nyingine, kwa sababu machotara wao hawazai vizuri. Wazo la kushinda mdudu kwa kuvuruga uzazi wake lilikuja kufanikiwa kwa njia nyingine kisiwani Unguja, ambako mbung'o walimalizwa katika miaka ya 1990 kwa madume waliofanywa tasa. Katika miaka hiyohiyo ya 1940, W. H. Potts na Jackson walijaribu kuwanyima mbung'o chakula kwa kuua wanyamapori wengi wa pori la Shinyanga.

Ufyekaji uliendelea pia, na makazi ya Wasukuma yalienea magharibi hadi Geita. Ng'ombe waliongezeka, lakini sehemu kubwa za Shinyanga zilibaki bila miti. Watu walikosa kuni, na udongo ulimomonyoka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliowasaidia wanavijiji kurudisha miti kwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ili yapumzike. Hivyo katika mkoa uleule ambako vizazi vilivyotangulia viliitwa kufyeka pori ili kuokoa mifugo, wajukuu wao waliitwa kulilinda liote tena.