Jemadari De Ruyter na Kisichoonekana Pichani

Miongoni mwa picha ambazo huchapishwa mara kwa mara katika vitabu vinavyogusia Ulaya ya karne ya 17, ipo moja iliyochorwa mwaka wa 1667 na Ferdinand Bol, Mholanzi aliyepata kuwa mwanafunzi wa Rembrandt. Humo amesimama mtu wa miaka 60, mnene wa kiwiliwili, mwenye masharubu yaliyotunzwa, fimbo ya ujemadari mkononi, tufe la dunia kando yake na nishani ya Mfalme wa Ufaransa kifuani. Kwa upande mmoja bahari inaonekana, na juu yake merikebu ya vita. Huyo ndiye Michiel de Ruyter, amirali ambaye Waholanzi humtukuza kuliko wote waliopata kuongoza merikebu zao. Bol alichora nakala kadhaa ili zitundikwe katika mabaraza ya wanamaji ya Jamhuri, ambayo yalikuwa matano. Naona ni hasara kwa mwanafunzi wa Kiafrika kuupita uso huo pasi na kuuliza ulihusiana vipi na bara lake.

De Ruyter alizaliwa tarehe 24 Machi 1607 huko Vlissingen, mji wa bandari katika jimbo la Zeeland. Baba yake alikuwa hamali wa kubeba mapipa ya pombe. Mwana naye akatiwa kazini katika kiwanda cha kusokotea kamba cha ukoo wa Lampsins, azungushe gurudumu kutwa kucha kwa ujira wa kijungujiko. Hakukaa sana. Mwaka wa 1618, akiwa na umri wa miaka 11, aliingia merikebuni kama kijana wa kumtumikia serahangi. Katika Ulaya ya siku zile, vyeo vya kijeshi aghalabu vilikwenda kwa wana wa mabwana, na yeye hakuwa mwana wa bwana. Kila daraja aliipanda kwa jasho lake, akitoka ubaharia hadi unahodha wa merikebu za biashara zilizofika Moroko na visiwa vya Karibi.

Husimuliwa kwamba safari moja alipokuwa na shehena ya siagi kutoka Ireland, aliandamwa na maharamia, naye akaamuru siagi ipakwe merikebuni ili kila aliyejaribu kupanda ateleze. Kama kuna bughudha ya wenye shehena iliyofuata, wasimulizi hawaitaji.

Mwaka wa 1652, baada ya kufiwa na wake wawili, alimwoa Anna van Gelder kwa nia ya kutulia nchi kavu. Mwaka uo huo vita vikazuka baina ya Uholanzi na Uingereza, akaitwa, na tangu hapo pumziko la kudumu hakulipata tena. Mabaharia walimpa jina la Bestevaer, yaani Babu. Mfaransa mmoja wa ukoo wa kifahari, aliyeshuhudia Vita vya Siku Nne vya Juni 1666, alistaajabu kumwona kesho yake amirali mshindi akifagia chumba chake mwenyewe na kuwalisha kuku wake. Mimi hupenda habari hii kuliko zile za mizinga, na huenda ndiyo sababu ninayaona yanayofuata kuwa mazito zaidi. Lau De Ruyter angekuwa jahili, kazi ya kumhukumu ingekuwa nyepesi.

Mwaka wa 1664, Mwingereza Robert Holmes alinyakua vituo vya Waholanzi katika pwani ya Afrika Magharibi. De Ruyter alikuwa katika Bahari ya Kati akipambana na maharamia wa Algiers. Akapelekewa amri ya siri: aelekee kusini, arudishe kilichochukuliwa. Oktoba ya mwaka huo alitia nanga Gorée, kisiwa cha Senegal ya leo, na Waingereza wakasalimu amri. Kutoka hapo akafuata pwani hadi Elmina katika Ghana ya sasa. Elmina ni ngome iliyojengwa na Wareno mwaka wa 1482, zaidi ya miaka 100 kabla ya wao kuanza kuijenga Fort Jesus pale Mombasa; Waholanzi waliitwaa mwaka wa 1637. Februari 1665 akaishambulia ngome ya Kormantin, iliyokuwa ya Waingereza, huku Wafante waliolipwa dhahabu wakimsaidia. Ikaanguka, ikapewa jina la Amsterdam.

Katika safari hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo Gerard Brandt alilisimulia katika kitabu cha maisha ya De Ruyter kilichochapishwa mwaka wa 1687. Huko Gorée alikutana na Mwafrika mmoja mzee, Jan Kompany, aliyekuwa na madaraka miongoni mwa watu wake. Katika ujana wake Kompany aliwahi kuishi Vlissingen, na wawili hao walifahamiana huko. Wakakaa wakakumbushana ya utotoni kwa Kiholanzi, mmoja sasa ni amirali, mwingine ni mzee wa nchi. Ni masimulizi ya kupendeza, na Brandt ayatumia kumwonyesha shujaa wake kuwa mtu asiye na makuu. Ila mimi nashindwa kuyasoma bila kuyaweka kando ya ile amri ya siri. Vituo alivyokuja kuvirejesha vilikuwa mali ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Magharibi, na baadhi ya bidhaa zake zilikuwa watu. Kazi ya De Ruyter haikuwa kuuza watu. Ilikuwa kuwarudishia ngome wale waliowauza. Elmina ilibaki mikononi mwa Waholanzi hadi mwaka wa 1872, na kwa jumla merikebu zao zilivusha Waafrika zaidi ya 500,000 ng'ambo ya Atlantiki.

Aliporejea kwao mwaka wa 1665 alipokelewa kwa shangwe na kupewa uongozi wa merikebu zote. Juni 1667 wanamaji wake waliingia katika mto Medway, wakachoma merikebu za Waingereza karibu na Chatham na kuikokota hadi Uholanzi ile iliyoitwa Royal Charles. Pambo la nyuma la merikebu hiyo lingali katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam. Picha ya Bol ni ya mwaka huo wa ushindi.

Miaka ya mwisho haikuwa ya fahari. Mwaka wa 1672 umati wa watu uliwaua ndugu wawili wa De Witt, marafiki zake wa kisiasa, mjini The Hague, na nyumba yake mwenyewe ikatishiwa. Februari 1676, akiwa Napoli, aliwapokea merikebuni wahubiri 26 wa Kiprotestanti kutoka Hungaria waliokuwa wamefungwa makasiani kama watumwa, baada ya kusaidia kupatikana kwa uhuru wao. Mjini Debrecen wamejengewa mnara wa ukumbusho, na jina lake limo. Msomaji aweza kupima mwenyewe: wahubiri 26 wana mnara.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba mwaka wa 2015, filamu ya maisha yake ilipoonyeshwa Uholanzi, wapo walioandamana kuipinga, sikushangaa. Mwaka wa 2023 Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa ajili ya utumwa. Mimi siungi mkono kuondolewa kwa picha ya Bol ukutani, kama vile nisivyotaka nguzo ya Vasco da Gama ing'olewe pale Malindi. Ninachodai ni kwamba mwalimu anayeionyesha darasani aiweke karibu na ramani yenye Gorée, Elmina na Kormantin, kisha awaache wanafunzi waulize.

De Ruyter alipigwa na kombora la Wafaransa katika vita vya Agosta, kando ya Sicily, tarehe 22 Aprili 1676. Mguu mmoja ulikatika, wa pili ukavunjika. Alifariki wiki moja baadaye. Maiti ilipakwa dawa na kurudishwa nyumbani, na Mfalme Louis wa 14, yule yule aliyempa nishani inayoonekana pichani, akaamuru mizinga ipigwe kwa heshima merikebu iliyoibeba ipitapo pwani ya Ufaransa. Alizikwa katika kanisa la Nieuwe Kerk, Amsterdam, tarehe 18 Machi 1677.