Mikhail Tswett, mutu aliyetenganisha rangi za majani

Redio mbili zikigongana kwenye frekansi moja, sauti unaisikia lakini habari haishikike. Wenye kupima dawa ao damu ndani ya laboratwari wana shida ile ile: vitu vikiingia kwenye mashine vikiwa vimechanganyika, alama zake zinapandana. Aliyefungua njia ya kuvitenganisha kwanza ni Mikhail Tswett.

Alizaliwa Asti, Italia, mwaka wa 1872. Baba alikuwa Murusi, mama Muitalia, na mama alikufa muda mufupi kisha kumuzaa. Akakomalia Uswisi, akapata udaktari wa mambo ya mimea ku chuo kikuu cha Geneva mwaka wa 1896. Alipofika Urusi, diploma ile haikukubaliwa. Daktari muzima akarudi masomoni, akapata ingine Kazan mwaka wa 1901. Kisha akaenda Warsaw, muji uliokuwa chini ya Urusi.

Kule njo alijaza unga wa chaki ndani ya mrija wa kioo, akaushindilia vizuri, akamwaga juu yake rangi iliyotolewa ndani ya majani. Akaendelea kumwaga kimiminiko safi. Kila rangi ikashuka kwa mwendo wake: zinazoshikwa sana na chaki zikabakia juu, zingine zikatangulia. Mikanda ikaonekana, ya kijani na ya manjano, na klorofili ikatoka mbili, si moja. Kazi ya mikono hiyo, juu unga ukishindiliwa vibaya mikanda inapinda na kuingiliana. Mwaka wa 1906 aliita njia hiyo kromatografia. Jina lake lenyewe, kwa Kirusi, ni rangi.

Wakubwa hawakumuamini. Mjerumani Richard Willstätter, aliyepata Nobel mwaka wa 1915 juu ya klorofili, alikuwa na mashaka na ile chaki. Mwaka ule ule vita ikamutoa Tswett Warsaw. Akahamahama, akafika Voronezh, na kule alikufa mwaka wa 1919 akiwa na miaka 47.

Njia yake ilifufuliwa Heidelberg mwaka wa 1931. Leo mrija unaunganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli, ili kila kitu kiingie peke yake, kwa saa yake. Alama zikipandana bado, wanabadilisha kimiminiko ao wanachukua mrija murefu zaidi.