Florence Nightingale na Picha ya Hesabu

Kila msomaji wa gazeti letu amepata kusikia habari za Bibi Florence Nightingale. Wengi wetu tulisimuliwa tangu madarasa ya chini jinsi alivyozunguka usiku na taa mkononi, akiwatazama askari wagonjwa. Habari hiyo ni kweli, lakini taa ile iliwaangazia wagonjwa waliokuwa karibu naye tu. Iko kazi yake nyingine ambayo watu wachache huijua, nayo iliangaza mbali zaidi, yaani kazi ya kugeuza hesabu za vifo kuwa picha ambayo mtu yeyote aweza kuielewa. Nataka kueleza maisha yake kwa upande huo.

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazazi wake Waingereza walipokuwa safarini. Ndiyo sababu akapewa jina la mji huo. Watu wake walikuwa matajiri, na siku zile binti wa tajiri hakutazamiwa kufanya kazi, ila kushona, kupiga piano, kukaribisha wageni na kungoja posa. Lakini baba yake, Bwana William Nightingale, alimfundisha mwenyewe lugha za kale, historia na falsafa, na binti akapenda sana hesabu. Mwaka 1837, alipokuwa na umri wa miaka 16, aliona moyoni mwake kwamba Mungu anamwita katika utumishi. Alipotaka kujifunza uuguzi mama yake na dada yake walipinga vikali, kwa kuwa uuguzi ulidharauliwa. Alivumilia miaka mingi. Hata mwaka 1851 akapata kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, penye hospitali ya wanawake Wakristo waliojitoa kuwahudumia wagonjwa. Mwaka 1853 akawekwa kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya London.

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliungana na Uturuki kupigana na Urusi, na vita vikapamba moto katika rasi ya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Askari wa Kiingereza waliougua na waliojeruhiwa walipelekwa kwa meli hata Scutari, mahali paelekeapo mji wa Istanbul. Bibi Florence alifika huko tarehe 4 Novemba, 1854, pamoja na wauguzi 38. Alikuta jengo kubwa lililojaa wagonjwa, na chini yake mifereji ya maji machafu imeziba. Hewa ilikuwa mbaya, mashuka hayakutosha, na kuhara damu, kipindupindu na homa vilikuwa vikiua watu kila siku.

Tutazame mwezi mmoja tu. Mnamo Januari 1855 jeshi la Waingereza katika vita hivyo lilikuwa na watu 32,393. Katika mwezi huo waliokufa kwa majeraha walikuwa 83, na waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza walikuwa 2,761. Basi kwa kila askari mmoja aliyeuawa na majeraha, 33 waliuawa na maradhi. Adui mkubwa hakuwa Mrusi.

Mwezi wa Machi 1855 serikali ilituma tume ya kutengeneza usafi. Mafundi wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga na takataka, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Vifo vikapungua sana. Januari 1856 jeshi lilikuwa limeongezeka hata kupita watu 44,000, lakini waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa 42 tu.

Bibi Florence alirudi kwao mwaka 1856, naye ni mtu wa sifa kubwa. Angeweza kupumzika, lakini hakuridhika. Alijua kwamba askari wengi wamekufa bure, na kwamba wengine watakufa hivyo hivyo ikiwa makambi na hospitali za jeshi hazitabadilishwa. Alikutana na Malkia Victoria, na mwaka 1857 iliundwa Tume ya Kifalme ichunguze afya ya jeshi. Hapo ndipo alipopambana na shida mpya. Hesabu za vifo zilikuwapo, lakini zilikuwa zimepangwa safu kwa safu katika vitabu vinene vya serikali, na wakubwa wenye shughuli nyingi hawakuwa na haja ya kuvisoma. Tena wako wakuu wa jeshi ambao hawakupenda mambo hayo yajulikane. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua.

Akishirikiana na Bwana William Farr, mtaalamu wa takwimu, Bibi Florence alizipanga hesabu hizo, kisha akazichora. Mchoro wake maarufu ulitolewa mwaka 1858. Una maduara mawili, moja la mwaka wa kwanza tangu Aprili 1854, na la pili la mwaka uliofuata. Kila duara limegawanywa vipande 12, kama mtu agawavyo mkate wa mviringo, na kila kipande ni mwezi mmoja. Rangi ni tatu tu: buluu ni maradhi yanayoweza kuzuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyinginezo. Maana ya kila rangi imeandikwa kwenye karatasi ile ile. Mtu akitazama, mara moja huona buluu imetanuka mno katika majira ya baridi ya mwaka wa kwanza, na nyekundu ni kidogo tu karibu na kitovu. Kisha hutazama duara la pili na kuona buluu imenywea. Hata asiyejua hesabu hawezi kusema hakuelewa.

Mchoro huo haukuwa wa kwanza. Katika mchoro wa kwanza wa namna hii, Bibi Florence alipima hesabu ya vifo kwa urefu wa mstari kutoka katikati. Kumbe jicho la mtazamaji haliangalii urefu peke yake, huangalia eneo lote lililopakwa rangi. Ukiongeza urefu wa kipande mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne. Hivyo mwezi wenye vifo maradufu ungeonekana kana kwamba vifo vyake ni mara nne. Picha yenye kutia chumvi ingeweza kuwashtua wakubwa zaidi, lakini yeye aliweka karatasi ya masahihisho, kisha katika mchoro mpya akahakikisha kwamba eneo lenyewe ndilo lenye kulingana na hesabu. Alitaka picha ishtue, lakini ishtue kwa kweli.

Alichora pia mistari minyofu kuonyesha askari waliokaa kwao Uingereza, mbali na vita. Kwa kila umri aliweka mistari miwili pamoja, mmoja wa raia na mmoja wa askari. Katika umri wa miaka 20 hata 25, kwa kila raia wanaume 1,000 walikufa 8.4 kwa mwaka, na kwa kila askari 1,000 walikufa 17. Askari ni vijana waliochaguliwa kwa nguvu zao, na bado walikufa maradufu. Hapo hapakuwa na adui wa kumsingizia.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Makambi yalitengenezewa mifereji, maji safi na madirisha, chuo cha waganga wa jeshi kikafunguliwa mwaka 1860, na jeshi likaanza kuweka takwimu za afya kwa utaratibu. Mwaka 1858 Bibi Florence alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Takwimu cha London. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilianza katika hospitali ya St Thomas'. Mwenyewe alikuwa mgonjwa miaka mingi, na kazi nyingi aliifanya chumbani mwake kwa kuandika. Alifariki tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90, akazikwa kijijini katika makaburi ya jamaa zake.

Siku hizi kompyuta huchora mchoro kwa dakika moja, na kuupamba rangi nyingi kama mkia wa tausi. Lakini kompyuta haijui kama mchoro huo unasema kweli. Sisi tunaochora katika masomo ya jiografia na sayansi, na ninyi kaka zetu mliokwisha kuhitimu, mnaosimama mbele ya mikutano na kuonyesha picha ukutani, yatupasa tujiulize kila mara: Nataka mtazamaji aone jambo gani moja? Je, rangi hizi zina maana, au ni pambo? Je, jicho lake litaona kiasi kile kile ambacho hesabu inasema? Bibi Florence alijiuliza hivyo kwa sababu nyuma ya kila kipande cha buluu palikuwa na watu waliokufa, na mbele yake palikuwa na wengine ambao bado waliweza kuokolewa.