DAVID BRUCE: DAKTARI WA JESHI ALIYESAKA MASKANI YA ADUI

Askari aijuaye kazi yake hatosheki kumtambua adui kwa sura tu. Hana budi ajue pia adui huyo hulala wapi, hula nini na hupita njia ipi. Kanuni hiyo ndiyo iliyomwongoza David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, katika vita dhidi ya adui asiyeonekana kwa macho. Matokeo ya vita hivyo yalifika hata kandokando ya Ziwa Mweru, upande wa Kabuta na Nchelenge, nchini Zambia.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855. Alisomea udaktari Edinburgh, akaingia jeshini mwaka 1883, na mwaka uliofuata akapelekwa Malta. Kisiwani humo askari waliugua homa iliyowalaza kwa miezi. Mwaka 1887 Bruce alikipata kijidudu cha homa hiyo katika wengu wa askari waliokufa. Lakini kabla ya kumwingia askari, kijidudu hicho kilikaa wapi? Jibu lilipatikana mwaka 1905, wakati Themistocles Zammit, daktari wa Malta aliyekuwa katika tume iliyoongozwa na Bruce, alipogundua kuwa kimo katika mbuzi walioonekana wazima kabisa. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ikakaribia kutoweka kambini.

Kabla ya hapo, mwaka 1894, Bruce alikuwa amepelekwa Zululand kuchunguza nagana, maradhi yaliyokuwa yakiua ng'ombe na farasi. Yeye na mkewe Mary, aliyekuwa msaidizi wake katika uchunguzi, waliishi katika kibanda huko Ubombo. Waligundua kwamba kijidudu cha nagana hubebwa na mbung'o, na kwamba hukaa katika damu ya wanyama wa porini bila kuwadhuru. Kijidudu hicho kilipewa jina la Bruce.

Mwaka 1903 alitumwa Entebbe, Uganda, ambako malale yalikuwa yakiteketeza vijiji. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa na machifu, alikusanya habari za mahali penye wagonjwa na mahali penye mbung'o. Habari hizo zilipowekwa kwenye ramani, zililingana: maradhi na mbung'o vilifuatana kando ya maji, penye vichaka na kivuli. Hata hivyo, katika Uganda watu zaidi ya 200,000 walikufa kwa malale mwanzoni mwa karne hiyo.

Elimu hiyo iliokoa maisha, lakini iliwagharimu wengine makazi yao. Tangu mwaka 1906 serikali ya kikoloni ya Uganda iliwahamisha wakazi wa ufuko wa ziwa. Karibu na mwaka 1910, watawala wa Rhodesia ya Kaskazini nao waliviondoa vijiji kandokando ya Luapula na Mweru. Watu waliozoea kuishi kwa mtumbwi na wavu wakatengwa na ziwa lao, bila kuulizwa rai. Ni haki kulikumbuka jambo hilo tunapowasifu wataalamu.

Bruce mwenyewe hakukosa makosa. Alidhani mbung'o hubeba kijidudu kama sindano chafu tu. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine alithibitisha kwamba kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o, naye Bruce akairudia kazi hiyo na kuukubali ukweli. Kuanzia mwaka 1911, akiwa Nyasaland, alipendekeza wanyama wa porini wauawe katika maeneo yenye mbung'o, na rai hiyo ikazusha ubishi mkali.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, akiwa jenerali, aliongoza kamati ya kupambana na pepopunda, ambayo vijidudu vyake hukaa udongoni na kuingia katika majeraha. Alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, siku ya mazishi ya mkewe Mary.

Leo watu wamejaa tena kandokando ya Mweru, na nyavu zimerudi majini. Fundisho la Bruce lingali na nguvu kambini na vituoni: maradhi hayazuki hewani bila asili. Kijidudu kina maskani yake, iwe maziwa, udongo, mnyama au mdudu. Chemsha maziwa, safisha jeraha upesi, na uijue nchi unayoilinda.