Pierre Curie na Mawe Yatoayo Umeme

Pierre Curie alizaliwa tarehe 15 Mei, 1859, katika mji wa Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari. Pierre hakupelekwa shuleni alipokuwa mdogo, bali alifundishwa nyumbani. Alipofikia umri wa miaka 18 alipata shahada yake ya kwanza.

Mwaka 1880, Pierre na kaka yake Jacques walichunguza fuwele za kwatzi, yaani mawe magumu yanayong'aa kama kioo. Walipoikandamiza fuwele, waliona kwamba umeme kidogo ulitokea juu yake. Mwaka uliofuata walionyesha kinyume chake: fuwele ikitiwa umeme, hubadili umbo lake kidogo sana. Kwa fuwele hizo waliunda chombo cha kupimia umeme mdogo.

Mwaka 1895 Pierre alieleza jinsi joto liondoavyo nguvu ya sumaku. Chuma hupoteza nguvu hiyo kikifikia nyuzi 770 za Sentigredi. Kiwango hicho cha joto huitwa kikomo cha Curie. Mwaka huo huo alimwoa Marie Sklodowska, mwanasayansi aliyezaliwa Poland. Marie alitumia kile chombo cha fuwele kupimia miale, na mwaka 1898 waligundua pamoja elementi mbili, poloniamu na radiamu. Mwaka 1903 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel.

Tarehe 19 Aprili, 1906, Pierre alipokuwa akivuka barabara, aligongwa na gari la farasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Kazi yake iliendelea. Baadaye wanasayansi walitengeneza vigae vya unga wa madini, vilivyochomwa tanuruni kama vyungu, kisha vikatiwa umeme mkali. Vigae hivyo navyo hutoa umeme vikikandamizwa. Lakini huzeeka: nguvu yao hupungua polepole, na vikipashwa joto kupita kikomo chao cha Curie, huipoteza yote. Kwa hiyo mafundi hutia katika unga elementi nyingine kidogo, kama mpishi atiavyo chumvi mchuzini. Baadhi ya elementi hukifanya kigae kiwe chepesi kunyumbuka na kizeeke polepole. Nyingine hukifanya kiwe kigumu, lakini kizeeke upesi zaidi. Vigae hivyo hutumika hospitalini katika mashine za kumwona mtoto tumboni mwa mama.

Maswali
1. Fuwele ya kwatzi ikikandamizwa hutokea nini?
2. Kikomo cha Curie ni nini?
3. Kwa nini mafundi hutia elementi nyingine katika unga wa vigae?